Japani Kibla ni Wapi?

Nilipokuwa Bangale, huko Tana River, tulipotoka kusali alasiri mzee mmoja mfugaji alinishika mkono. Mjukuu wake, aliye sekondari, amesikia habari za safari za wanafunzi kwenda Japani kubadilishana utamaduni. "Shekhe," akaniuliza, "huko kijana akisali ataelekea wapi?"

Si swali la mchezo. Sisi wa pwani tumezoea kuita kaskazini kibla, hata mtu akasahau kuwa kwingine ni vingine. Tokyo, nikamwambia, huelekewa magharibi, kidogo upande wa kaskazini. Na mji wa Kobe una msikiti tangu 1935, ulionusurika mabomu ya vita mwaka 1945 na zilzala ya 1995. Mzee akatulia. Mwenye wasiwasi nikabaki mimi, wala si wa dini.

Maana kubadilishana ni kupeana. Wajapani wamejiandaa zamani: Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili, na shirika lao la NHK lina matangazo kwa lugha hii yetu. Wetu hufunzwa kuinama wakiamkiana na kula kwa vijiti. Vyema. Je, wakiulizwa ya kwao?

Nikamgeukia kijana. "Bwana mdogo, yule ng'ombe mwekundu wa babu yako, rangi yake kwa Kiorma yaitwaje?"

Akacheka, akatazama chini. Aliyejibu ni babu. Akaendelea na wa pili, na wa tatu, na kijana akatoa daftari, hata adhana ya magharibi ikatukuta papo hapo.