Malengo Yanayopimika katika Kutangaza Biashara ya Nyumbani

Katika ziara zetu za ufuatiliaji Mikindani, Msimbati na mitaa ya mjini Mtwara tumekutana na akina mama wengi wanaouza bidhaa zao kwa njia ya simu. Wapo wanaobangua na kukaanga korosho, wapo wanaoshona na wapo wanaotengeneza sabuni. Picha zinapigwa uani, zinawekwa WhatsApp au Instagram, mteja analipa kwa simu na mzigo unapelekwa stendi. Ni biashara halali kabisa, hata kama haina kibao wala mlango wa duka.

Ni lazima tukiri kwamba sisi wenyewe tulianza vibaya. Katika mpango kazi wetu wa kwanza tuliandika lengo kuwa "kuhamasisha akina mama kutumia mitandao kutangaza biashara". Mwisho wa mwaka tulihesabu waliohudhuria semina, tukaandika taarifa na kuridhika nayo. Kisha mama mmoja wa Mikindani akatuuliza swali lililotunyamazisha: "Sasa mimi nitajuaje kama matangazo yangu yanasaidia?" Alikuwa amekopa katika kikundi chake cha VICOBA ili anunue vifungashio. Picha zake zilikuwa zinatazamwa na watu wengi kila siku, lakini siku ya rejesho ilipofika aliuza kuku wake ili alipe.

Jambo hili si dogo kwa kaya za huku kwetu. Familia nyingi hutegemea fedha za korosho za msimu mmoja, kuanzia minada ya Oktoba. Wengi wanakumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na baadhi ya wakulima wakangoja malipo yao kwa miezi kadhaa. Kwa kaya kama hizo, kipato kidogo kinachoingia kila wiki ndicho kinachomweka mtoto shuleni.

Anzia kwenye fedha, si kwenye picha

Lengo linalopimika hutaja kiasi na tarehe, na mwenye nalo anaweza kulihakiki kwa daftari lake. "Nataka kujulikana" si lengo. "Nataka faida ya shilingi 120,000 kila mwezi kufikia mwisho wa Machi" ni lengo, kwa sababu siku hiyo ikifika jibu ni ndiyo au hapana.

Tuchukue mfano. Tuseme pakiti moja ya gramu 250 inampa mama faida ya shilingi 1,500 baada ya kutoa gharama zote, yaani korosho, mkaa, kifungashio, bando na makato ya kupokea fedha kwa simu. (Bando husahaulika mara nyingi! Tumekuta daftari zilizoonyesha faida nzuri ambayo yote ilikuwa imeishia kwenye vocha.) Ili apate 120,000 lazima auze pakiti 80, ambazo ni kilo 20 za korosho zilizobanguliwa. Kilo 1 iliyobanguliwa hutokana na kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi, hivyo anahitaji kilo 80 hadi 100 kila mwezi. Hapo ajiulize kama shamba lake linazitoa, na kama mikono yake inatosha, maana utomvu wa ganda la korosho huunguza na kazi haiendi haraka.

Sasa aje kwenye matangazo. Tuseme katika kila watu watano wanaouliza bei, mmoja hununua, naye huchukua pakiti mbili. Pakiti 80 zinahitaji wanunuzi 40, na wanunuzi 40 wanahitaji waulizaji 200 kwa mwezi. Mama aliyetuuliza swali alipofika hapa kwenye hesabu alicheka, kwa kuwa waulizaji wake hawakuwa wakifika hata robo ya hao. Lakini aligundua njia nyingine: wateja wanne wa kudumu, kila mmoja akichukua pakiti 5 kwa wiki, wanafikisha pakiti 80 kwa majuma manne. Kuanzia hapo hakuhangaika tena kutazamwa na watu wengi. Alianza kutafuta wenye maduka na ofisi.

Nini kihesabiwe

Tunashauri daftari lenye safu nne tu, lijazwe kila jioni: waliouliza, walionunua, walionunua tena, na fedha iliyobaki baada ya gharama. Mwulize kila mteja mpya amekupataje, uandike jibu. Idadi ya waliotazama stetasi ya WhatsApp inaweza kuandikwa pembeni, lakini isichukuliwe kuwa ni mauzo. Ikumbukwe pia kuwa stetasi hufutika baada ya saa 24, na kwa kawaida huonekana kwa wale tu mliohifadhiana namba. Kwa hiyo anayemwambia kila mteja "hifadhi namba yangu" amefanya tangazo kubwa kuliko anayebandika picha kumi kwa siku.

Faida nyingine ya daftari ni kuonyesha mahali mteja anapopotelea. Mama wa Mikindani aliona kuwa waulizaji wake wa Dar es Salaam hunyamaza mara wanapotajiwa gharama ya kusafirisha. Korosho zake zilikuwa nzuri na picha zake hazikuwa na kasoro, ila pakiti moja kusafirishwa kwa basi karibu kilomita 560 ilikula faida yote na zaidi. Angeongeza matangazo mara tatu asingepata kitu. Sasa hukusanya oda za juma zima, huzituma Ijumaa katika boksi moja kwa ndugu yake wa Temeke, na wateja huzifuata hapo.

Lengo likishindikana, lisibadilishwe kimya kimya. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa na oda zilishuka. Aliyeandika sababu pembeni ya namba alielewa kilichotokea, na asiyeandika alidhani wateja wamemchoka. Tunapendekeza tathmini kila baada ya miezi mitatu, ikifanyika ndani ya kikundi, kwa sababu ni vigumu mtu kujidanganya mbele ya wenzake wanaomdai marejesho.

Nasi katika mpango kazi wetu tumefuta neno "kuhamasisha". Badala yake tunahesabu akina mama wanaolipa rejesho kutokana na mauzo, bila kuuza mali ya nyumbani.

Mama wa Mikindani amejiwekea lengo la wateja sita wa kudumu mwishoni mwa robo hii. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa na wanne, na mmoja wao bado anadaiwa.