James Matthew Barrie

James Matthew Barrie (Kirriemuir, Uskoti, 9 Mei 1860 – London, Uingereza, 19 Juni 1937) alikuwa mwandishi wa tamthilia na riwaya kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa kumbuni Peter Pan, mvulana anayekataa kukua.

Maisha

Alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi wa fundi wa kufuma nguo. Mwaka 1867 kaka yake David, kipenzi cha mama yao, alifariki kwa ajali kwenye barafu akiwa na miaka 13. James, mwenye miaka sita, alijaribu kumfariji mama kwa kuvaa nguo za marehemu na kuiga jinsi alivyopiga mluzi. Alisimulia habari hiyo mwenyewe katika kitabu kinachoitwa kwa jina la mama yake, Margaret Ogilvy (1896). Wahakiki wengi wanaona hapo asili ya Peter Pan: mtoto aliyekufa habadiliki tena.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1882, akawa mwandishi wa habari mjini Nottingham, kisha akahamia London. Ndoa yake na mwigizaji Mary Ansell (1894) ilivunjika mwaka 1909 bila watoto. Kumbe wakati huo alikuwa ameshazoeana sana na wavulana watano wa familia ya Llewelyn Davies, na wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyewalea. George aliuawa vitani mwaka 1915. Michael alikufa maji mwaka 1921, pigo ambalo Barrie hakulisahau.

Sifa kama mwandishi

Alianza kujulikana kwa hadithi za kijijini, kama Auld Licht Idylls (1888) na A Window in Thrums (1889). Wasomaji wa Uingereza na Marekani walizipenda mno. Nchini kwake mambo yalikuwa tofauti: wahakiki waliziweka katika kundi walilolibeza kwa jina la Kailyard, yaani "bustani ya mboga", wakidai kwamba zinapamba umaskini wa Uskoti kwa machozi na vichekesho. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa inasahau ukali uliofichwa katika kejeli yake.

Ukali huo unaonekana zaidi jukwaani. Katika The Admirable Crichton (1902) bwana na familia yake wanakwama kisiwani baada ya meli kuzama, na mtumishi wao anakuwa mtawala. Wakiokolewa, kila mtu anarudi cheo chake cha zamani.

Tamthilia ya Peter Pan ilionyeshwa mara ya kwanza London tarehe 27 Desemba 1904, na riwaya yake ikatoka mwaka 1911. Tangu hapo mhusika amemfunika mwandishi, na kazi zake nyingine hazisomwi sana.

Mwaka 1929 Barrie alitoa haki za Peter Pan kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Muda wa hakimiliki ulipokwisha, sheria ya mwaka 1988 iliiwezesha hospitali kuendelea kupata mapato yake nchini Uingereza bila kikomo.