Kutoka Dhihaka Hadi Risasi

Asubuhi ya Aprili 2, 2024, wanafunzi wa shule ya Viertola, mjini Vantaa karibu na Helsinki, walikuwa ndio kwanza wanarudi darasani baada ya mapumziko ya Pasaka. Mwenzao wa miaka 12 aliingia na bastola ya jamaa yake, akamuua mwanafunzi mmoja na kuwajeruhi vibaya wengine wawili, wote wa rika lake. Kesho yake polisi walisema kwamba mtoto huyo, alipohojiwa, alieleza kuwa alikuwa akionewa shuleni.

Hiyo ni Finland, nchi ambayo wataalamu wa elimu hufunga safari kwenda kuiga shule zake. Wala msiba huo haukuwa wa kwanza. Novemba 2007 kijana wa miaka 18 aliwaua watu wanane huko Jokela kisha akajiua. Mwaka uliofuata, mwanachuo wa Kauhajoki akaua kumi. Wote wawili walikuwa wameonja uonevu tangu wakiwa wadogo.

Ni rahisi basi kusema kwamba anayeonewa leo ataleta silaha kesho. Hesabu zinakataa. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti ikionyesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa katika mwezi uliotangulia. Uonevu peke yake ungetosha kuzaa mauaji, isingebaki shule salama hata moja. Wengi huumia kimyakimya: hutoroka vipindi, hushuka alama, hukosa usingizi, na wengine hufikia kutaka kujiua.

Hata hivyo, ukiwachunguza walioshambulia, sura inakuwa nyingine. Secret Service, idara inayomlinda Rais wa Marekani, ilichambua mashambulizi 41 yaliyotokea katika shule za nchi hiyo kati ya 2008 na 2017. Asilimia 80 ya washambuliaji walikuwa wameonewa na wenzao.

Kwa nini basi wachache hawa wavuke mpaka ambao mamilioni hawauvuki? Sababu haiwi moja, lakini upweke una nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Kip Williams alikuwa amekaa bustanini siku moja, kisahani cha kuchezea kikamwangukia. Alikirusha kwa wenyewe, wakamrushia tena, wakacheza naye kidogo, halafu wakamwacha bila neno. Alishangaa jinsi alivyoumia. Kutokana na hilo alibuni mchezo wa kompyuta ambamo mtu hurushiana mpira na wachezaji wawili, kisha hao wawili wanaacha kumpa. Dakika chache tu, tena na watu asiowaona, na mchezaji huona hana thamani. Mwaka 2003 yeye na mtafiti mwenzake Naomi Eisenberger walionyesha kuwa wakati huo huamka sehemu ya ubongo inayohusika pia na machungu ya mwili.

Sasa mfikirie mtoto anayenyimwa mpira huo kila siku, muhula baada ya muhula. Kwa maelezo ya Williams, anayetengwa hupoteza hisia ya kuhesabika na ya kuwa na sauti juu ya maisha yake. Wengi hujaribu kujipendekeza ili wakubaliwe. Anayekata tamaa ya kupendwa anaweza kuchagua kuogopwa. Intaneti humpokea hapo: kijana wa Jokela aliweka video zake YouTube na kuwahusudu wauaji wa shule ya Columbine, Marekani, wa 1999. Bunduki ikiwa karibu, hatari inakuwa kamili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dalili huwa zipo. Katika uchunguzi wa awali wa Secret Service, uliotolewa 2002, asilimia 81 ya matukio yalikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kinachopangwa, mara nyingi mwanafunzi mwenzake. Kauhajoki ilikuwa mbaya zaidi: polisi walimhoji kijana yule siku moja kabla, kwa sababu ya video zake za kufyatua risasi, wakamwachia bastola yake.

Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku amewachunguza watazamaji wa uonevu kwa miaka mingi. Mwonevu, anaeleza, hutafuta hadhi, na hadhi hutolewa na wanaocheka. Programu yake ya KiVa, iliyosambazwa Finland nzima tangu 2009, haiishii kumwadhibu mkosaji; mwalimu huwaita pia wanafunzi wachache wanaoheshimika darasani na kuwaomba wamsogelee aliyeonewa. Majaribio yalionyesha kuwa uonevu hupungua, ingawa hauishi, na Vantaa ni ushahidi.

Walimu wetu wa zamu hujua nani kapigana na nani. Waanze kuandika pia majina ya wanaokula peke yao, na mzazi anapokuja shuleni aulize hilo kabla ya kuuliza nafasi ya mwanawe darasani.