Je, watu wataweza kukaa chini ya bahari?

Swali hili vijana wa masekondari hupenda kuliuliza, na katekista mara nyingi hajui aanzie wapi kulijibu: ikiwa nchi kavu imejaa watu, kwa nini wasihamie chini ya bahari? Tusiwacheke. Kwetu ni swali la udongo. Katika milima ya Lubero na kandokando ya Butembo mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, hata kipande anachorithi mtoto hakitoshi kulisha nyumba yake, na wengi wamekwisha kushuka upande wa Beni kutafuta shamba msituni. Vijana hao wamejifunza shuleni ya kuwa bahari yafunika zaidi ya nusu ya dunia. Tena wamesikia katika Kitabu cha Mwanzo ya kuwa Muumba alimpa mwanadamu kuijaza nchi na kutawala hata samaki wa baharini. Kwa nini basi sehemu hiyo kubwa ikae bila watu?

Jibu tunaweza kulipata, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa, tena si mbali sana na sisi.

Tuanze na hewa. Mtu akitoka Mutwanga na kupanda Ruwenzori mpaka kilele chake, kwenye metre 5.109, hewa inayomkandamiza imepungua karibu nusu. Ni mwendo wa siku nyingi. Lakini akizama baharini metre 10 tu, urefu wa mti wa avoka, nguvu inayomkandamiza imekwisha kuwa mara mbili. Kwenye metre 20 ni mara tatu, kwenye metre 100 ni mara kumi na moja. Maji ni mazito, na hakuna mwili wala nyumba inayoyakwepa.

Hata hivyo kuna njia. Chukua glasi tupu, uigeuze kinywa chini, uizamishe katika beseni la maji. Maji yataingia kidogo tu, kisha yatasimama, kwa maana hewa iliyo ndani inayasukuma kama yenyewe inavyosukumwa. Nyumba za kwanza za chini ya bahari zilikuwa glasi za namna hiyo, za chuma. Mlango ni tundu katika sakafu, nao hauhitaji hata kufungwa. Mtu hutoka kuogelea na kurudi kama anayeingia kisimani. Ndani, hewa ina nguvu sawa na maji ya nje.

Mwezi wa Septemba 1962, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau aliwashusha watu wawili, Albert Falco na Claude Wesly, karibu na Marseille, nao wakakaa siku 7 kwenye metre 10. Mwezi ule ule Robert Sténuit, Mbelgiji, alikuwa amekaa zaidi ya siku moja kwenye metre 61, katika silinda ya Mwamerika Edwin Link. Mwaka uliofuata, 1963, Cousteau alikwenda Sudan, katika Bahari ya Shamu (ile ile ya Musa na wana wa Israeli). Penye miamba ya Sha'ab Rumi, kaskazini ya Port Sudan, alijenga kama kijiji: nyumba kubwa yenye umbo la nyota kwenye metre 10, banda la chombo kidogo cha kuzamia, na kibanda kingine chini zaidi, karibu metre 27. Watu watano walikaa katika nyumba kubwa mwezi mzima. Walikuwa na mpishi, walivuta sigara, walikuwa na kasuku katika tundu lake. Wawili walikaa juma moja katika kibanda cha chini, wakateswa na joto na unyevu. Filamu ya mambo hayo ilitoka mwaka 1964 na kusifiwa sana.

Basi yawezekana? Kwa watu wachache, wenye afya, kwa majuma machache: ndiyo. Mwaka 1965 Wafaransa sita walikaa majuma matatu kwenye metre 100, na Wamarekani nao wakafanya yao huko California kwenye metre 62. Lakini picha haionyeshi kila kitu. Hewa ya kijiji kile cha Sudan, umeme wake na chakula chake vilitoka juu, kwa meli na mabomba. Mtoto tumboni mwa mama yake hategemei kitovu kuliko watu wale walivyotegemea meli ile.

Sasa tuangalie mwili, kwa sababu ndipo shida ilipo. Fungua chupa ya bia: povu lapanda. Ilipokuwa imefungwa hukuona kitu, kwa kuwa gazi ilikuwa imekandamizwa ndani ya bia. Damu ya mtu aliye chini ya maji ni vile vile. Azoti ya hewa inamwingia mpaka mwili umeshiba, na akipanda juu upesi, povu hilo hutokea katika damu na viungo. Hapo hupooza au hufa. Sharti apande polepole. Wenye elimu hupima hivi: aliyekwisha kushiba ahitaji karibu siku moja kwa kila metre 30, na siku moja zaidi juu yake. Mtu wa metre 100 hukawia siku nne au zaidi kabla ya kuona jua.

Padri anayeitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta aifikirie hesabu hiyo. Mwanamke akishikwa na uchungu katika kijiji cha metre 100, na mtoto amekaa vibaya tumboni, hospitali iko juu ya kichwa chake, karibu kuliko kisima cha jirani, naye hawezi kupelekwa kwa siku nne. Wale waliokaa Sudan walichaguliwa mmoja mmoja. Kijiji hakichagui: kina wazee, kina watoto wenye kifafa, kina wajawazito.

Tena kuna adui ambaye watu wa Kivu wanamjua kwa jina. Upande wa Goma, katika mabonde ya lava, gazi kaboniki hutoka ardhini na kulala chini kama maji yasiyoonekana. Mbuzi akiingia anaanguka, mtoto akimfuata anaanguka naye. Ndiyo mazuku. Nyumba iliyo chini ya bahari hujitengenezea mazuku yake yenyewe, kwa sababu kila mtu hutoa karibu kilo moja ya gazi hiyo kwa siku kwa kupumua tu. Lazima ikamatwe bila kupumzika, kwa kawaida kwa chokaa iliyotayarishwa. Na chini gazi hiyo ni kali zaidi: sehemu moja katika mia, kwenye metre 30, yaudhuru mwili kama sehemu nne zingefanya huku juu. Mashini ikizimika usiku, waliolala hawaamki. Mwaka 1969 huko Marekani mzamiaji Berry Cannon alikufa kazini penye nyumba ya tatu ya jeshi la maji, iliyokuwa kwenye metre 180 na zaidi. Chombo chake cha kupumua kilikosa ile dawa ya kukamata gazi. Kazi hiyo ikaachwa.

Wengine watasema: tujenge basi nyumba iliyofungwa kabisa, yenye hewa ya kawaida. Iko, hata katika Afrika yetu. Kisiwani Pemba, tangu mwaka 2013, hoteli moja ina chumba kinachoelea, na sehemu yake ya chini imo majini. Mgeni hulala akitazama samaki dirishani, na asubuhi hupanda ngazi kwenda kunywa chai. Hakuna povu la damu, kwani hewa ni ile ya juu. Lakini ni metre chache tu. Ukishuka zaidi, kuta zapaswa kuwa nene kama za sumarini, na aliye ndani hawezi kutoka kulima wala kuvua. Ni chumba cha tajiri kwa usiku mmoja. Shamba si hilo.

Cousteau mwenyewe, mwaka 1962 huko London, alitabiri zaidi. Alisema ya kuwa siku moja madaktari watamtengenezea mtu matamvua kama ya samaki, na kizazi kipya kitazaliwa chini ya maji. Wanafunzi wa filosofia wanaweza kujadiliana juu ya mtu huyo. Mimi naona ya kuwa ndoto hiyo ilianza mahali pabaya, kwa kumbadili mtu kabla ya kuhesabu hewa yake. Baadaye Cousteau aliiacha, akatumia miaka yake ya mwisho kuilinda bahari.

Kilichobaki ni kazi. Wazamiaji wa mafuta ya petroli hukaa majuma kadhaa katika chumba cha chuma chenye hewa iliyokandamizwa, lakini chumba hicho kiko juu, melini. Hushushwa kwa kengele kufanya kazi chini, hurudishwa chumbani kulala, na kupunguziwa hewa mara moja tu mwishoni.

Na katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya chini yameshika gazi kaboniki na methane kwa wingi wa kutisha, hakuna aliyefikiri kuweka watu huko. Tangu mwisho wa 2015, upande wa Rwanda, chombo kinachoelea kimeshusha mabomba mpaka metre 350 hivi. Methane yapanda yenyewe pamoja na maji, yapelekwa ufukoni, nayo hutoa megawati 26 za umeme. Wafanyakazi wake hukaa juu, katika upepo wa ziwa, na jioni hurudi nyumbani kwa mashua.