Maoni ya Mwananchi Yafikavyo Serikalini

Gatwekera ni kimoja cha vijiji vya Kibera, katika wadi ya Sarang'ombe, mjini Nairobi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 kilionekana kuwa na watu karibu 25,000, wakaao katika vyumba vya udongo na mabati vilivyosongamana. Wengi wa wakazi wake ni vibarua, mafundi, wafua nguo na wachuuzi wa mboga. Leo hupata, kesho hukosa. Watu wa namna hiyo ndio wanaoguswa kwanza kila Serikali itungapo sheria juu ya matibabu, maji au vyoo. Na mara nyingi ndio wanaoisikia sheria hiyo mwisho, wakati imekwisha pitishwa na karani amekwisha anza kudai fedha.

Hapana sharti mambo yaendelee hivyo. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, inahesabu ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10 kuwa mmoja wa misingi ya utawala. Kifungu cha 118 kinaliamuru Bunge lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha watu katika kutunga sheria. Kifungu cha 196 kinaliwekea Bunge la Kaunti sharti lilo hilo. Na Vifungu vya 37 na 119 vinampa mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka. Basi haki ipo. Linalotakiwa ni kujua njia yake, kwani haki isiyojulikana njia ni kama kisima kilichofunikwa: maji yamo, lakini wenye kiu wanapita juu yake.

BIMA YA AFYA ILIYOFIKA MAHAKAMANI

Faida ya kusikilizwa mapema yaonekana wazi katika habari ya bima ya afya. Tangu mwaka 1966 nchi ilikuwa na Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana kwa herufi NHIF. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoondoa hazina hiyo na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kwa utaratibu huo mpya, mtu wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Jamaa isiyo na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha yake, ili mapato yake yakadiriwe, na mchango wake haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Lakini kanuni za mwaka 2024 ziliagiza kwamba mchango wa jamaa hiyo ulipwe wa mwaka mzima, kabla mwaka haujaanza.

Hapo ndipo karani na mchuuzi walipoachana. Karani hukatwa kidogo kidogo, wala hashughuliki na malipo. Mchuuzi, hata akikadiriwa kiasi cha chini kabisa, atoe shilingi 3,600 kwa mara moja. Kwa mtu apataye riziki yake kwa siku, shilingi 300 kila mwezi na shilingi 3,600 siku moja si jambo moja, ijapokuwa hesabu ni ile ile. Fedha nyingi hivyo hazipati kulala nyumbani mwake. Kodi ya chumba, unga na karo huzichukua kabla hazijakusanyika. Mwandishi wa sheria aliye ofisini aweza asilione jambo hili. Mchuuzi wa Gatwekera hulijua bila kufundishwa.

Tarehe 12 Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, walikata shauri kwamba sheria hiyo, pamoja na nyingine mbili za afya zilizopitishwa wakati ule, ilikuwa kinyume cha Katiba. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Majaji walilipa Bunge siku 120 kurekebisha mambo, na kuagiza watu waelimishwe kwanza, kisha wasikilizwe. Hata hivyo, mwezi wa Septemba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ilisimamisha hukumu hiyo kwa muda, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kutosikiliza watu ni kosa liwezalo kuiangusha sheria nzima mahakamani. La pili, njia ya mahakama ni ndefu na mwisho wake hautabiriki. Mgonjwa hawezi kuingoja. Mwaka 2025 Serikali yenyewe ilitangaza mpango ulioitwa Lipa SHA Pole Pole, wa kumwezesha mtu asiye na mshahara kulipa mchango wake kwa vipande. Haja ya mpango huo ingaliweza kuelezwa na mchuuzi yeyote kabla sheria haijatiwa sahihi, kama angaliulizwa vizuri, naye akajibu kwa wakati.

KUSIKILIZWA KWA KWELI

Je, kusikilizwa kwa kweli ni nini? Mahakama ya Juu ilieleza jambo hilo tarehe 26 Novemba 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco iliyopinga kanuni za mwaka 2014 za kuzuia madhara ya tumbaku. Kampuni ilidai kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ilikataa dai hilo, kisha ikaweka mwongozo: ushirikishaji uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi tu, jambo linalozungumzwa lielezwe wazi, njia ya kutoa maoni iwe nyepesi, na watu wapewe maarifa ya kutosha ili waweze kusema neno lenye maana.

Tena kesi hiyo inaonya. Wenye mali hawangoji kuitwa. Wana mawakili, wana wataalamu, na maoni yao hufika mezani yakiwa yamepigwa chapa na kutiwa tarehe. Ikiwa watu wa mitaa ya kina yahe hawapeleki yao, kamati itasoma yale yaliyoletwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maoni ni vivyo hivyo. Malalamiko yaliyosemwa kwenye baraza la chifu na kupigiwa makofi huisha na baraza, yasipoandikwa na mtu akayapeleka mahali pake.

NGUVU YA HESABU ILIYO SAHIHI

Kwa miaka mingi ilisemwa huko na huko kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta watu 170,070. Wako walioona kwamba idadi hiyo inaipunguzia Kibera haki yake, lakini ukweli ni kinyume. Mwenye kuomba vyoo kwa watu milioni moja ataambiwa kwamba hesabu yake si ya kweli, na ombi lake litawekwa kando. Mwenye kuomba kwa watu 25,000 wa kijiji kimoja, akaonyesha vyoo vilivyopo na vilivyojaa, ni vigumu kumjibu kwa maneno matupu.

Gatwekera yenyewe imekwisha toa mfano wa nguvu ya habari zilizokusanywa kwa uangalifu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao wa Marekani, ilituma watu kupita nyumba kwa nyumba katika Gatwekera na Soweto, wakiuliza ni nani ana homa, nani anahara, nani anakohoa. Wenyeji walifungua milango na kujibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba homa ya matumbo, yaani taifodi, iliwasumbua watu wa Kibera kuliko watu wa mashamba ya Lwak, upande wa Ziwa Victoria, na kwamba watoto wadogo waliugua sana. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wote wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya ugonjwa huo. Chanjo huletwa kwa ushahidi wa mahali pengi, lakini majibu yaliyotolewa katika vichochoro vya Gatwekera yamo katika ushahidi huo.

JINSI YA KUANDIKA

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutoa maoni juu ya Mswada uliokwisha tangazwa. Bunge hutangaza magazetini Mswada unaoshughulikiwa na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Maoni hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, Sanduku la Posta 41842-00100, Nairobi, au hupelekwa kwa mkono kwenye Majengo ya Bunge. Maandishi mafupi yafaa kuliko marefu. Taja namba ya kifungu, sema maneno unayotaka yabadilishwe, andika maneno unayopendekeza, kisha toa sababu. Mtu aandikaye, "Sheria hii inatuumiza," hakumpa mjumbe wa kamati kazi ya kufanya. Aandikaye, "Katika kifungu fulani, badala ya malipo ya mwaka yawe malipo ya mwezi, kwa sababu mapato yetu ni ya siku," amemwekea mjumbe kalamu mkononi.

Njia ya pili ni ombi. Hili halingoji Mswada. Mwananchi hulianzisha mwenyewe. Sheria ya mwaka 2012 juu ya maombi kwa Bunge imeweka masharti ambayo hayamshindi mtu yeyote. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha yake iwe ya heshima, na maandishi yasiwe na mafuto wala nyongeza juu ya mstari. Kila karatasi itaje jambo linaloombwa. Waombaji waeleze kama wamekwisha lipeleka jambo hilo kwa ofisi inayohusika, na walijibiwaje. Waeleze pia kama liko mahakamani. Mwishoni waseme wazi wanaloomba litendwe. Kila mmoja aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, na kutia sahihi. Asiyejua kuandika atie alama ya dole gumba. Bibi kizee ambaye hakupata kusoma ana haki sawa na karani katika karatasi hiyo.

MAMBO YA KAUNTI

Ifahamike kwamba zahanati na vituo vya afya viko chini ya Kaunti, si Serikali ya Taifa. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Kibera kwa miaka 20, na mwaka 2017 walikabidhi kituo chao cha Kibera South kwa Kaunti ya Nairobi. Tangu hapo dawa na watumishi wake hutegemea makadirio ya fedha ya Kaunti, na makadirio hayo yana kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari. Na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwenye kuomba muuguzi wa zamu ya usiku mwezi wa Juni amefika sokoni watu wakikunja majamvi.

Na ikiwa hesabu za kituo hazijulikani, ziulizwe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu katika siku 21, na ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka Kaunti ijibu maombi ya wananchi bila kukawia.

Yako pia mambo ya kuepukwa. Asitie sahihi mtu ambaye hakusomewa waraka, wala asitie kwa kupewa fedha. Sahihi ya kununuliwa huharibu sahihi za wengine wote. Isitumwe karatasi bila kubaki na nakala, na karatasi ipelekwayo kwa mkono igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Muhuri huo ni shahidi: siku ofisi itakaposema kwamba hapana mtu aliyepinga, wenye nakala watakuwa na la kuonyesha.

Si kila pendekezo litakubaliwa. Serikali husikiliza wengi, na fedha hazitoshi haja zote. Lakini kamati haiwezi kupima neno ambalo halikuifikia. Tarehe za Septemba, Februari na Aprili hurudi kila mwaka, na watu kumi wa mlango mmoja wa Gatwekera, wakiwa na daftari la kuandika siku ambazo dawa zilikosekana, wamekwisha fanya nusu ya kazi kabla ya tangazo kutoka.