Utakula Bure, Utalala Bure: Hesabu ya Likizo kwa Shangazi

"Huko utakula bure, utalala bure, sasa hela yote hiyo ya nini?" Hayo aliniambia mwenzangu wa chumba siku tuliyomaliza mitihani ya muhula wa pili mwaka 2023. Nilikuwa nafunga begi kwenda nyumbani Kibondo, na kutoka Kibondo nivuke mpaka kwenda Bujumbura kukaa wiki kumi kwa shangazi yangu. Nilimwona ana akili. Wiki kumi baadaye mama yangu aliuza maharage ya mbegu ili mimi niweze kurudi chuo.

Najua tupo wengi wa aina hii. Kuna wenye kaka Nairobi, wenye mama mdogo Kampala, na sisi wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe karibu kila ukoo una mtu Burundi. Wa kwangu ni dada yake baba. Aliolewa na kijana aliyekuwa akiishi kambi ya Mtabila, kule Kasulu, na kambi ilipofungwa Desemba 2012 walirudi wote kwao. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Tangu hapo hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amekwenda kumwona, ndiyo maana baba alitaka niende, na nikae, siyo kwenda kuchungulia na kugeuka.

Nianze na mambo mepesi. Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo Mtanzania halipii viza na anaruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Unachohitaji ni pasipoti, ambayo ni shilingi 150,000, au hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ni nafuu zaidi. Mimi nilikwenda na hati. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hayo yafanye ukiwa bado chuoni au mara tu ukifika nyumbani, na gharama zake usizichanganye na hela ya kukaa, maana hizo zimeshatumika kabla hujapanda gari.

Sasa hela yenyewe. Boom, kama tunavyojua, haiji likizo. Ile 10,000 ya kila siku ya chakula na malazi inahesabiwa kwa siku za masomo, ukishafunga chuo umefunga na bomba. Nilikuwa nimebana mwaka mzima, nikatoka na shilingi 300,000. Baba akaongeza bahasha: faranga za Burundi 180,000, noti za elfu kumi kumi, alizokuwa akiziweka kidogo kidogo alipokuwa anauza muhogo kwa wafanyabiashara wa mpakani. Kwenye daftari nikaziandika kama shilingi 150,000. Jumla 450,000. Nauli ya kwenda 60,000, ya kurudi 60,000, zinabaki 330,000 kwa wiki kumi. Elfu thelathini na tatu kwa wiki, nakula bure, nalala bure! Nilijiona tajiri.

Nilivuka Manyovu saa tano asubuhi, nikagonga mhuri, nikaingia kwenye gari upande wa Mugina. Kondakta alipofika kwangu nikampa noti ya elfu kumi kutoka kwenye bahasha. Akaigeuza, akanirudishia. "Dada, hii imekufa."

Mwezi mmoja kabla, Juni 2023, Benki Kuu ya Burundi ilikuwa imetangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na ikatoa siku kumi tu watu wazipeleke benki. Tangazo lilikuwa la wazi. Sisi Kibondo hatukulifuatilia, na bahasha ilikuwa imelala chini ya godoro. Kosa letu. Lakini ndani ya gari lile nilipoteza theluthi nzima ya bajeti yangu kabla sijamaliza nusu saa nchi ya watu. Mama mmoja mfanyabiashara alinibadilishia shilingi kidogo nikapata ya nauli.

Na siyo noti tu. Mei mwaka huohuo faranga ilishushwa thamani: dola iliyokuwa karibu faranga 2,100 kwa bei ya benki ikapita 2,800. Kwa hiyo hata kama noti za baba zingekuwa hai, zilikuwa zimeshapungua zikiwa zimelala palepale. Hapo nilijifunza jambo ambalo hata wanaosoma uchumi darasani hawalifanyi mfukoni: ukienda nchi ambayo hela yake inashuka, usibadilishe yote siku ya kwanza. Kaa na shilingi zako, badilisha ya wiki moja moja. Na ukipiga hesabu, piga kwa bei ya benki. Bei ya mtaani utaisikia ni kubwa zaidi, mbali kabisa, na kila mtu atakuambia ana kijana wake. Mimi sikushauri, kwa sababu si halali, na pia kwa sababu mgeni hajui noti nzuri na noti mbovu. Uliza shahidi, mwenye bahasha.

Shangazi anakaa Buyenzi. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa kwetu hapotei Buyenzi, ni kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa, na kikishindikana, Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Nilipokelewa kwa kilio, kile cha furaha. Nikapewa kitanda cha binti mkubwa, yeye akalala chini. Kweli nilikula bure. Ndagala, maharage, lengalenga, ugali wa muhogo kama nyumbani. Sikulipia hata punje.

Ila hebu angalia siku kumi za kwanza. Nilikuwa nimekuja mikono mitupu, mwanafunzi si nimetoka mitihani moja kwa moja, nikaona aibu, nikawanunulia watoto sita madaftari na biskuti: 22,000. Siku ya nne jirani akafiwa. Shangazi alitoa mchango, na watu wakamwangalia mgeni wake kutoka Tanzania, msomi wa chuo kikuu. Nikatoa 20,000. Siku ya nane ikabidi twende Rumonge kumsalimia mzee mmoja wa ukoo. Nauli yangu na kilo za sukari za kumpelekea, 25,000. Jumla 67,000. Baada ya zile noti kufa na nauli kutengwa nilikuwa na 180,000 ya kukaa, kwa hiyo zilibaki 113,000 za siku sitini. Chini ya elfu mbili kwa siku.

Hapo ndipo ile "bure" ilipo. Chakula na kitanda ni vya bure, lakini ukikaa kwa ndugu wewe siyo mpangaji wala mtalii, ni mtoto wa nyumba ile, na nyumba ikifiwa umefiwa, nyumba ikidaiwa unadaiwa. Nilikuwa nimepangia nauli na vocha. Ujamaa sikuupangia hata shilingi, na ndio uliokula karibu kila kitu. Wala sisemi walinionea. Hakuna aliyeniomba kwa ubaya. Wao walidhani ninacho, kwa sababu mtu hatoki Tanzania akakaa miezi miwili bila kuwa nacho, na mimi sikuwahi kuwaambia kwamba sina.

Kuna upande mwingine ambao wasichana wenzangu mtanielewa haraka. Hela ya mfukoni ukiwa kwa watu kazi yake kubwa ni kukuepusha kuomba. Pedi, mafuta, kusuka, bando la kuongea na mama. Shangazi angenipa, lakini nilikuwa naona anavyohesabu sarafu za mkaa. Mwezi wa pili nilikaa na nywele hivyohivyo, nikafunga kitambaa.

Septemba shule zinafunguliwa kule. Binti mkubwa, yule aliyeniachia kitanda, hakuwa na sare. Nilitoa 35,000, na ningeitoa tena leo. Baada ya hapo nilikuwa na 78,000, na zilipoisha nikaanza kumega nauli ya kurudi, nikijidanganya kwamba nitairudishia. Nitairudishia kwa kipi? Ilipofika wiki ya mwisho nilikuwa na 25,000 mkononi. Nayo nauli ilikuwa imeruka, maana petroli Burundi ilikuwa ya msoto, magari yanapanga foleni kwenye vituo na yanayotembea yanataja bei yake. Ndani ya mji tulikuwa tunatembea kwa miguu, na bodaboda na bajaji zilikuwa zimezuiwa kuingia katikati ya Bujumbura tangu Machi 2022. Kwa kwenda mpakani, miguu haisaidii.

Nikampigia mama. Hakunigombeza. Alinyamaza, akasema "nitaangalia." Alichoangalia ni madebe mawili ya maharage aliyoyatenga kwa ajili ya mbegu. Mtu wa Kasulu au Kibondo anajua maana yake: mvua ziko mlangoni, mwezi mmoja mbele watu wanapanda, na mbegu unayoiuza Septemba utakuja kuinunua Novemba kwa bei ya mwenye nayo. Laini yangu ya Tanzania haikushika Buyenzi, kwa hiyo hela ilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Manyovu, naye akanifikishia faranga baada ya siku tano na kukata chake. Nilifika chuo wiki mbili baada ya kufunguliwa. Wenzangu walikuwa wameshasaini boom. Langu lilichelewa mpaka Desemba, na muda wote huo nilikula kwa mkopo wa yule mwenzangu wa chumba aliyeniuliza hela ya nini. Simlaumu, alinikopesha bila riba.

Mwaka 2024 nilirudi kwa shangazi. Baba alishangaa. Safari hii nilikaa wiki sita, siyo kumi, na huo ndio uamuzi ulioniokoa kuliko ujanja wote. Watu hupanga muda kwanza halafu wakatafuta hela ya kuujaza. Mimi nilianza na hela, 480,000, nikauliza inatosha wiki ngapi.

Nilivyoigawa ni hivi. 110,000 ilibaki Kibondo kwenye simu ya mama, ni nauli ya kwenda chuo na chakula cha wiki ya kwanza. Hiyo haikuvuka mpaka kabisa. 120,000 ya kurudi, mara mbili ya nauli niliyoijua, niliibeba kwa shilingi, imekunjwa ndani ya pindo la gauni ambalo silivai. 60,000 ya kwenda. Kabla ya kuondoka nilitumia 40,000 kununua zawadi kwetu: asali ya Kibondo, maharage, na sukari kidogo, maana sukari kule ilikuwa adimu. Kitu cha kawaida kwetu kinakuwa heshima kule, na kimenigharimu nusu ya ambacho ningetumia dukani Bujumbura. Ni mizigo ya nyumbani, siyo biashara, kwa hiyo mpakani waliangalia tu wakaniachia.

Zikabaki 150,000. Elfu hamsini niliziandika "ndugu", yaani msiba, kusalimia, sare, lolote litakalokuja na jina la ukoo. Elfu nane kila wiki za nyumba ya shangazi. Hapa kuna ufundi wake: ukimpa shangazi hela mkononi atakasirika, atasema umemfanya mama wa gesti. Lakini mkaa haukatai. Sabuni haikatai. Nilikuwa napita sokoni, narudi na ndagala, nayaweka jikoni bila hotuba. Elfu saba kwa wiki za kwangu, pamoja na nywele. Elfu kumi ya ziada.

Na siku ya pili usiku, watoto wamelala, nilimwambia shangazi ukweli wote. Nimekuja na kiasi hiki, nakaa wiki sita, za msiba na mengine ni elfu hamsini, zikiisha zimeisha. Niliogopa kama naenda kutetea utafiti. Alinisikiliza akacheka. "Mwaka jana ulikuwa unatoa tu, tukajua chuo kinawalipa mshahara." Nikamweleza na habari ya mbegu za mama. Hapo hakucheka. Kesho yake alikuja jirani na kadi ya harusi, shangazi akampokea mlangoni: "Huyu ni mwanafunzi, kadi yake nipe mimi." Nikaona kumbe ngao nilikuwa nayo mwaka mzima uliopita, ila sikuifungua mdomo.

Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa genge la shangazi la mawese na ndagala. Asubuhi nilikaa mimi, yeye akapumzika. Sikulipwa, wala sikudai, lakini siku ya kuondoka nilikuta chupa mbili za mawese kwenye begi.

Fungu la ndugu liliisha wiki ya nne. Nauli ya kurudi ilifika 85,000, petroli ilikuwa mbaya kuliko mwaka uliopita, kwa hiyo kwenye pindo zilibaki 35,000. Nilizitoa Kibondo nikampa mama anunue mbegu. Akaniuliza kama nimeziiba. Noti za baba bado zipo; mdogo wangu anachezea nazo duka, na anakataa kurudisha chenji.