Kwenda Kula Sikukuu Pemba

Ramadhani ifikapo kumi la mwisho, mji wa Unguja huanza kupungua watu hata kabla mwezi haujaandama. Maduka ya Darajani hujaa, lakini nyumba za Amani, Jang'ombe na Magomeni hufungwa milango moja moja, na wenyewe huonekana njiani wakielekea bandarini na maboksi yaliyofungwa kamba, magunia ya mchele, madumu ya mafuta, na watoto waliovalishwa viatu vipya ambavyo havikuweza kungoja siku yake. Ukimwuliza mtu anakwenda kula Sikukuu wapi, hatakwambia Pemba, atakwambia nyumbani. Huenda ana nyumba yake mjini, na huenda watoto wake wote wamezaliwa Unguja na hawajapata kupanda mkarafuu hata mmoja. Nyumbani kwake ni kule kilikozikwa kitovu chake.

Na sisi tu katika hao. Mwishoni mwa Machi 2025 tuliazimia kukata tikiti mapema, tukachelewa kama tuchelewavyo kila mwaka. Dirishani tuliambiwa nafasi zimekwisha. Nje ya lango, mtu tusiyemjua akatuuzia tikiti tatu zenye majina ya watu wengine, kwa bei ambayo hatutaitaja kwa kuona haya, nasi tukazipokea na kumshukuru. Twaungama jambo hili mapema, kwa sababu makala haya yana maneno ya kuwaambia wakubwa, na si haki kumnyooshea mwenzako kidole huku mkono wa pili umefichwa mgongoni.

Basi tukapanda. Kaskazi ilikuwa imekwisha na kusi haijashika. Yalikuwa maleleji, na maji yametanda kama jamvi. Watu waliketi juu ya mizigo yao na wengine juu ya mizigo ya wenzao. Palikuwa na vicheko, palikuwa na ugomvi mdogo juu ya kuku aliyefungwa miguu, na kina mama wawili waliokuwa hawajuani walikwisha kugundua, kabla hatujatoka nje ya visiwa vidogo vya bandari, kwamba bibi zao walikuwa ndugu wa Mtambile. Wapemba hawasafiri mwendo mrefu kabla ya kuulizana nasaba.

Tulipoupita mnara wa taa wa Nungwi mazungumzo yakapungua. Hapana aliyetoa amri. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi aliinua mikono akasoma Fatiha, na waliomzunguka wakaitikia Amin, kisha wakaangalia maji. Watoto wetu walituuliza kuna nini, nasi tukawajibu kwa maneno machache, kwa kuwa hatukujua namna ya kusema maneno mengi.

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi el Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama mkondoni mbele ya Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu na shehena. Asubuhi ile uwanja wa Maisara uligeuka mahali pa kutambulia maiti. Taarifa za mwanzo zilitaja abiria mia kadha. Tume ya Uchunguzi ilipomaliza kazi yake mwanzoni mwa 2012, ikajulikana kuwa waliomo walipindukia 2,000, katika chombo kilichokuwa na ruhusa ya watu wasiofika 700, na kwamba waliokufa na waliopotea walikuwa zaidi ya 1,500. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani kuandama, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Katika habari hizi zote, sisi hutuumiza zaidi ule umbali kati ya hesabu ya kwanza na hesabu ya mwisho. Meli ilizama pasiwepo mtu duniani, si nahodha, si mwenye meli, si ofisa wa bandari, aliyeweza kusema ndani yake mna nani. Hesabu ya kweli haikupatikana katika daftari la meli. Ilipatikana baadaye vijijini, pale watu walipokwenda kusema: kwetu hakurudi fulani, na fulani, na mtoto wa fulani.

Kijiji chetu ki kusini mwa Pemba, upande wa Kengeja, ambako mikoko inakuja hadi nyuma ya nyumba. Tuliteremka Mkoani, tukapanda kilima kile cha mji kwa gari lililolia kama lina pumu, tukafika kwetu jua likielekea kuzama na watu wako uwanjani wanautafuta mwezi. Zamani tulingoja redio moja ya betri ya mwenye duka. Tangu umeme ulipofika Pemba kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, mwaka 2010, kila nyumba ina sauti yake, na habari ya mwezi hufika kabla ya mwezi wenyewe. Wazee bado hutoka kuutazama. Mmoja alituambia kwamba kusikia si kuona, naye hawezi kufungua mwezi aliosimuliwa.

Usiku ule ulikuwa wa moshi na takbira. Kina mama hawakulala: huyu anakamua tui, huyu anamimina mkate, huyu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya tatu huku akimgombeza mjukuu anayeiba tambi za sukari. Asubuhi tukavaa kanzu, tukasali, tukapeana mikono, tukasameheana yale ya mwaka mzima na hata yale ambayo hatukumbuki. Watoto wakaanza mzunguko wao wa nyumba hata nyumba kutaka mkono wa Sikukuu, na kila sarafu ikapigiwa hesabu chini ya mwembe kwa uangalifu ambao twautamani katika ofisi nyingi.

Hatutasema kuwa kila kitu ki kama tulivyokiacha. Bonde la mpunga tulilokuwa tukiamia ndege utotoni limeingiliwa na maji ya chumvi. Bamvua kubwa hupanda kwa njia ya mlango wa mikoko, ambayo nayo imekatwa kwa kuni na kwa boriti, na pale palipokuwa na mpunga sasa pana majani magumu na ukoko mweupe wa chumvi. Wenye bonde wamehamia juu, kwenye ardhi isiyotosha, na vijana wao wamehamia mbali zaidi: Unguja, Dar es Salaam, Tanga. Ndiyo maana bandari hujaa wakati wa Sikukuu. Wanaorudi kwa wingi ni wale walioondoka kwa wingi.

Baada ya sala tulikwenda makaburini kama ilivyo desturi. Tukapalilia, tukasoma, tukawaonyesha watoto alipolala babu yao. Jirani yetu mmoja, bibi wa umri mkubwa, alisimama kando wala hakuelekea kaburi lolote. Mwanawe alikuwa katika ile meli ya 2011. Hakuonekana, na jina lake halikuwamo katika orodha yoyote, kwa kuwa alisafiri kwa tikiti aliyopewa na rafiki. Ilibidi mama huyu aende kwa sheha na mashahidi wawili kuthibitisha kwamba alikuwa na mtoto na kwamba mtoto huyo alikuwa safarini. Alitusalimia, tukamshika mkono, naye akatuuliza kwa upole, “Nanyi wanangu, mmekuja kwa majina yenu?”

Hatukupata la kumjibu. Katika mifuko yetu mlikuwa na vipande vitatu vya karatasi vyenye majina ya watu watatu wasiotuhusu. Lau tungalizama, hao watatu wangalihesabiwa wafu wakiwa hai majumbani mwao, na sisi tungalihesabiwa hai hadi mtu wa kwetu aende kwa sheha.

Kwa hiyo maneno yetu kwa wakuu ni machache. Serikali haikukaa bure tangu siku zile: MV Mapinduzi II iliyoletwa Desemba 2015, yenye nafasi za abiria 1,200, ilinunuliwa kwa sababu ya msiba huo, na Mamlaka ya Usafiri Baharini inayo sheria ya kutosha mkononi. Lakini Sikukuu si dharura. Hakuna jambo linalojulikana mapema kuliko Sikukuu, ila kwa siku moja ya shaka ya mwezi. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, basi Idi hurudi nyuma ikipita katika pepo zote, na huuzunguka mwaka mzima katika miaka 33 hivi. Idi el Fitri ya 2011 iliangukia kusini. Ya miaka hii inaingia katika kaskazi, na Sikukuu ya Mfunguo Tatu inaingia katika masika. Mwaka 2030 Ramadhani itaandama mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Katikati ya miaka ya 2040, Idi el Fitri itarudi pale pale ilipokuwa 2011, katika mwezi ule na upepo ule. Ofisa yeyote mwenye kalenda mbili na kalamu moja aweza kuketi leo akaandika ni mwaka gani vyombo vya ziada vitahitajika, kwa bahari ya namna gani, na safari zake zikatangazwa tangu Shaabani, watu wasikimbilie langoni usiku wa mwisho. Na asisahau safari ya kurudi. Meli ile ilizama baada ya Sikukuu, wakati ambapo walinzi wamechoka na kila mtu anadhani msongamano umekwisha.

Jambo la pili ni majina. Twajua foleni huwa ndefu na jua huwa kali, na karani aliyesimama tangu alfajiri hutamani kuandika “mtoto” akaendelea na mwingine. Twajua pia kwamba baadhi ya wakubwa wanaotunga kanuni hizi huenda Pemba kwa ndege, na orodha ya ndege haina shida. Tungependa kuwaona mmoja wao au wawili wamepanga foleni pamoja nasi, mara moja tu, usiku wa kuamkia mwezi ishirini na tisa.

Tulikaa siku nne, hata Idi ya nne, tukapewa zawadi za njiani: nazi, mhogo, chupa ya asali na kuku tuliyemkataa mara mbili na bado tukamkuta ndani ya mzigo. Safari hii tulikata tikiti Mkoani siku mbili mbele. Penye daraja la kupandia palikuwa na karani kijana, kitabu chake kimelowa jasho pembeni. Aliandika jina la mkubwa, akamtazama mtoto wetu wa mwisho, akaandika “mtoto mmoja”, akageuka. Tukamwomba aandike jina. Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika kwamba tunachelewesha. Kijana alitutazama kidogo, akafuta kwa mstari, akamwuliza mtoto mwenyewe, “Unaitwa nani?” Mtoto akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake aliyelala kule kijijini, nalo likaandikwa lote.